Je, Wajua? Kinachofundisha ni Zoezi, Si Podikasti

Je, wajua kwamba swali linaloulizwa baada ya kusikiliza halimfundishi mtu kusikiliza? Linampima tu. Hoja hii ndiyo aliyoishikilia kwa miaka mingi mtafiti wa Uingereza John Field, na mwaka 2008 akaitolea kitabu kizima. Tazama inavyokwenda darasani: mwalimu anawasha rekodi, rekodi inaisha, maswali kumi yanaulizwa, mwanafunzi anapata sita, somo linasonga mbele. Yale manne aliyokosa hajui yalimponyoka wapi, na mwalimu naye hajui. Wiki ijayo atakwama palepale. Leo safu hii ni ya walimu wa lugha, na ya kila anayejifunza lugha kwa simu ndani ya daladala au matatu. Podikasti za kujifunzia zimejaa tele na nyingi ni za bure. Mazoezi mazuri ya kuzisikilizia ndiyo haba.

Je, wajua kazi hii ina umri gani? Kampuni ya Linguaphone ilianzishwa London mwaka 1901 kuuza masomo ya lugha yaliyorekodiwa. BBC ikaanza kufundisha Kiingereza redioni mwaka 1943, vita vikiwa bado vimepamba moto. Podikasti zilipata jina lake mwaka 2004, katika gazeti la Guardian la Uingereza, na mwaka uliofuata mjini Shanghai tayari ilikuwapo ChinesePod, inayofundisha Kichina kwa njia hiyo. Kilichobadilika ni kimoja tu, lakini ni kikubwa: redio haikuwa na kitufe cha kurudisha nyuma. Msikilizaji wa leo anacho kidoleni. Mwalimu anayecheza kipindi tangu mwanzo hadi mwisho bila kukisimamisha anaitumia simu kana kwamba bado tuko mwaka 1943.

Je, wajua kwamba tarehe 19 Oktoba 1959 Sauti ya Amerika ilianza kutangaza kwa Kiingereza chepesi, chenye msamiati wa maneno 1,500 hivi, sentensi fupi, na kasi ya theluthi mbili ya ile ya kawaida? RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, nayo hutoa taarifa ya habari ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi, na maandishi yake huwekwa mtandaoni. Hizi ni kazi za heshima. Lakini zimewafanya walimu wengi waamini kwamba dawa ya kutoelewa ni kupunguza kasi, na hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

Je, wajua kwamba mojawapo ya majaribio yanayotajwa sana kuhusu kasi lilifanywa kwa walimu wa shule za msingi wa Oman? Roger Griffiths alichapisha matokeo yake mwaka 1990. Kiingereza kiliposomwa kwa maneno 200 hivi kwa dakika, uelewa wao ulishuka waziwazi. Kwa maneno 150 walielewa vizuri zaidi. Kiliposhushwa hadi 100, hapakuwa na nyongeza ya maana. Mwaka huohuo Eileen Blau, aliyewapima wanafunzi wa Puerto Rico na Poland, alionyesha kwamba kilichowasaidia zaidi ni kuachiwa vituo vifupi vya kimya katikati ya usemi. Kwa hiyo mwanafunzi asikimbilie kitufe cha kuvuta sauti iende nusu kasi. Sauti iliyovutwa na mashine hupoteza mdundo, na mdundo ndio unaomjulisha msikilizaji neno limeanzia wapi na limeishia wapi. Asimamishe rekodi mwishoni mwa sentensi, avute pumzi, ajiulize kimesemwa nini, ndipo aendelee.

Waingereza wakizungumza wenyewe kwa wenyewe hufikia maneno 210 hivi kwa dakika. Mtu mmoja akisoma redioni huenda kwa 160. Anza na podikasti ya msimuliaji mmoja. Ile ya marafiki watatu wanaocheka na kukatizana ndiyo inayovutia kuliko zote, na ndiyo ngumu kuliko zote.

Je, wajua kwamba kati ya mwaka 1980 na 1985 watoto wa madarasa matatu ya mwanzo nchini Kenya walifundishwa Kiingereza na redio iliyokuwa ikisubiri jibu lao? Mradi huo uliendeshwa pamoja na Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa fedha za Marekani. Wazo lilitoka Nicaragua, ambako wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wameanza kufundisha hisabati kwa redio katikati ya miaka ya 1970. Kila siku ya masomo, kwa nusu saa, sauti ilitoka redioni ikauliza kitu, ikanyamaza. Darasa zima likajibu kwa pamoja. Kisha sauti ikatoa jibu sahihi, mtoto akajua papo hapo kama amepatia. Mara wanaambiwa wasimame, mara wanyooshe kidole dirishani, mara waimbe. Redio ikitoka hewani, mwalimu wa darasa anaendelea na kazi iliyoandaliwa kufuatana na kipindi.

Kimya kile hakikuwa cha kubahatisha. Masomo yalijaribiwa kwanza darasani, watunzi wakitazama watoto wanachelewa wapi na wanachoka wapi, kisha wakarudi studio kurekebisha. Kimya kikiwa kifupi mno, mtoto mwepesi peke yake ndiye anayejibu. Kikiwa kirefu mno, darasa linaanza kupiga soga. Ukiniuliza mimi, huu ndio ufundi ambao podikasti nyingi za lugha zimeutupa. Mtangazaji anauliza swali, anajijibu mwenyewe kabla msikilizaji hajafungua kinywa, anaendelea kwa furaha. Zanzibar waliushika ufundi huo katika vipindi vya Tucheze Tujifunze, kwa watoto wa maandalizi na madarasa ya mwanzo. Na kozi ya bure ya Kiswahili ya Language Transfer imejengwa juu ya msingi huohuo: anayejifunza anatakiwa asimamishe rekodi, afikiri, atamke jibu lake kwa sauti, ndipo asikie la mwalimu.

Je, wajua kwamba mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania walisikiliza mfululizo mmoja wa vipindi, kila kikundi kikiwa na zoezi lake mkononi? Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Vikundi vilikutana kwa wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa mapema namna ya kuongoza mjadala, si namna ya kuhutubia. Watu walikaa chini wakafungua redio, wakasikiliza, wakasoma kijitabu pamoja, asiyejua kusoma akisomewa, wakajadili tatizo lipo vipi hapa kwetu, kisha wakakubaliana la kufanya kabla ya kukutana tena. Vyoo vikachimbwa, nyasi zikafyekwa, madimbwi ya mbu yakafukiwa. Kampeni hiyo haikuwa ya kwanza. Ile ya uchaguzi wa mwaka 1970 na ile ya miaka 10 ya Uhuru, mwaka 1971, ndizo zilizofungua njia.

Haikuwa kampeni ya kufundisha lugha, najua. Lakini hebu mwalimu wa lugha aukague mpangilio wake. Msikilizaji alijua kwa nini anasikiliza kabla redio haijafunguliwa. Hakusikiliza peke yake. Na uthibitisho kwamba ameelewa haukuwa karatasi ya majibu. Ulionekana uani kwake. Wageni wanaojifunza Kiswahili Unguja wanaweza kusikilizishwa mapishi ya dakika tatu, kisha watumwe sokoni Darajani na fedha ya kununulia viungo vilivyotajwa tu. Atakayerudi na pilipili manga ilhali kipindi kilitaja pilipili mbuzi ameshajua kosa lake kabla mwalimu hajasema neno, na akirudi kuisikiliza ile rekodi atakuwa na hamu ambayo swali la kuchagua herufi halijawahi kumpa mtu.

Je, wajua kwamba kuandika maneno magumu ubaoni kabla ya kusikiliza huenda ndio msaada hafifu kuliko yote? Mwaka 2006 Anna Chang na John Read walichapisha jaribio la wanafunzi 160 wa Taiwan waliogawiwa misaada ya namna nne. Waliopewa habari za mada yenyewe ndio waliofanya vizuri zaidi, wakifuatiwa na waliosikiliza zaidi ya mara moja. Waliofundishwa msamiati walikuwa mkiani. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Hussein Elkhafaifi alikuwa ameona jambo linalokaribiana na hilo kwa wanafunzi wa Kiarabu: waliosomewa maswali kabla ya kusikiliza waliwapita waliopewa orodha ya maneno. Sababu si ngumu kuiona. Ukimpa mtu maneno kumi, anakaa kuyawinda. Likipita la tatu bila kulikamata, bado analitafuta wakati la nne, la tano na la sita yameshapita.

Kwa hiyo tumia dakika tano za mwanzo kuzungumzia jambo lenyewe. Kama kipindi ni cha mpira, waambie nani alicheza na nani na matokeo yalikuwaje. Hujaharibu kitu. Anayejua matokeo anabaki na kazi moja tu, kusikiliza watu wanavyoyaeleza.

Je, wajua kwamba msikilizaji anahitaji kujua maneno machache kuliko msomaji ili apate kuelewa? Kwa kusoma, wataalamu wengi hutaja asilimia 98 ya maneno ya matini. Hilde van Zeeland na Norbert Schmitt, mwaka 2013, waliwasikilizisha watu hadithi ambazo baadhi ya maneno yake yalikuwa yamebadilishwa yakawekwa ya kubuni, yasiyo na maana yoyote. Kwa hadithi za kawaida, asilimia 95 ilitosha. Maana yake, katika kila maneno 20 yanaweza kupita geni moja na mambo yakaenda. Kipimo cha haraka: chukua dakika moja ya kipindi, hesabu maneno yanayomshinda mwanafunzi. Yakipita manane katika Kiingereza cha redio, tafuta kipindi kingine. Usimlazimishe.

Je, wajua kwamba kuna njia ya kuona kwa macho kile sikio la mwanafunzi linachokamata? Field, yule wa mwanzo, aliitumia katika utafiti wake wa mwaka 2008: rekodi inakatwa ghafla katikati ya maongezi na kila mtu anaandika maneno manne au matano ya mwisho aliyoyasikia. Basi. Hakuna swali. Aliwapima wanafunzi wa Kiingereza wa lugha mbalimbali za kwanza, na wote walifanana: maneno yenye uzito wa maana yalikamatwa, vile vineno vidogo vya kisarufi vikapotea mara nyingi zaidi.

Fanya hivyo kwa Kiswahili uone. Katika mahojiano mama mmoja anasema: "Nshamwambia asije leo, aje kesho kutwa asubuhi." Kata hapo. Mwanafunzi anaandika: "mwambia aje leo, kesho asubuhi." Karatasi hiyo moja ina habari nyingi kuliko mtihani mzima. "Nsha" haikusikika kabisa, kwa sababu kitabuni alifundishwa "nimekwisha" na hakuna aliyemwambia kwamba midomoni mwa watu inamezwa hivyo. "Kutwa" imedondoka. La hatari zaidi ni silabi moja, "si", iliyotoweka ndani ya "asije". Kwa silabi hiyo tu mgeni aliyekatazwa anafika leo mlangoni. Sasa mwalimu ana la kufundisha. Arudishe zile sekunde mbili mara tatu. Kisha ajirekodi kwa simu akitamka kwa kasi ya kawaida: aje, asije, wapike, wasipike, tuondoke, tusiondoke, ameyachanganyachanganya maneno hayo bila mpango. Mwanafunzi afumbe macho na kuinua mkono kila anaposikia katazo. Ni zoezi la dakika nne, na linatibu palepale panapouma.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kusikia kila neno sawasawa na bado akakosa jibu? Kipindi kinasema mkutano ni saa nne asubuhi; Mjerumani anaandika 4. Sikio lake halina kosa. Hajazoea tu kwamba saa zetu huhesabiwa tangu jua linapochomoza. Ukimwambia asikilize tena mara tatu, ataandika 4 mara tatu na ataanza kujiona hafai. Ndiyo maana napenda ukurasa wa daftari uliopigwa mstari katikati: upande mmoja "nilichosikia", upande wa pili "nilivyoelewa". Makosa ya upande wa kwanza yanatibiwa kwa kurudia sauti, ya upande wa pili kwa maelezo. Kuyachanganya ni kumchosha mtu bure.

Kuna pia nafasi ya pili ambayo sarufi ya Kiswahili humpa msikilizaji, na ni wachache wanaoifundisha. Bodaboda imepita ikafunika jina la kitu, lakini msimuliaji anaendelea: "Aliviosha vyote, akavianika juani, jioni akavipanga kabatini." Anayezijua ngeli ameshajua kwamba hazikuwa sahani wala hayakuwa masufuria. Vyombo, basi, au vikombe, au vijiko. Tengeneza zoezi la namna hiyo makusudi: ondoa nomino kwa programu yoyote ya kuhariri sauti, wanafunzi wataje zinazowezekana na waziondoe moja moja kadiri sentensi inavyosonga. Mwanafunzi wa Kiswahili akishaanza kuvitegea sikio viambishi, kiasi anachoelewa huongezeka hata kabla msamiati wake haujakua.

Je, wajua kwamba katika usemi wa Kiingereza sehemu kubwa ya maneno yenye maana nzito, kama tisa katika kila kumi, huanza na silabi yenye mkazo? Anne Cutler na wenzake walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba Waingereza huitegemea hali hiyo kugundua neno jipya linapoanza. Sisi mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Unatujulisha neno linakaribia kuisha. Mswahili anayesikiliza Kiingereza kwa sikio la nyumbani ana sababu nzuri ya kuona maneno yote yameshikana. Mpe maandishi ya sentensi tano yasiyo na nafasi kati ya maneno, acheze rekodi, apige mkwaju wa kalamu kila neno linapoanza.

Je, wajua kwamba jibu la kuandikwa hupima kuandika? Mama wa darasa la kisomo anaweza kuwa ameelewa kila kitu na kalamu ikamwangusha. Mpe picha sita azipange kwa mfuatano wa hadithi, ramani aichoree njia, au umwambie afanye anachosikia. James Asher wa California alijenga mbinu nzima juu ya amri na vitendo tangu miaka ya 1960: simama, fungua mlango, weka kitabu chini ya kiti.

Je, wajua kwamba walio dhaifu ndio wanaoweza kufaidika zaidi wakifundishwa namna ya kusikiliza? Larry Vandergrift na mwenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti wa wanafunzi wa Kifaransa wa chuo kikuu nchini Kanada. Kundi moja lilisikiliza kwa hatua. Wanabashiri kwanza watasikia nini na kuandika. Wanasikiliza, wanaweka alama kwenye walichopatia. Wanalinganisha na jirani, wanakubaliana ni wapi pa kutegea sikio zaidi. Wanasikiliza tena, wanarekebisha, darasa zima linajenga upya habari, kisha kila mmoja anaandika atafanya nini tofauti safari ijayo. Kundi la pili lilisikiliza rekodi zilezile mara zilezile bila hatua hizo. Kundi la kwanza liliongoza, na waliokuwa nyuma mwanzoni ndio waliopanda zaidi. Rekodi hazikubadilishwa hata moja.

Imla tuliyoijua shuleni nayo ina ndugu aliye mchangamfu zaidi. Ruth Wajnryb wa Australia aliieleza katika kitabu cha mwaka 1990: kifungu kifupi kinasomwa kwa kasi ya kawaida, wanafunzi wanadonoa maneno machache, kisha kwa vikundi wanakijenga upya kwa lugha yao wenyewe na kukilinganisha na cha asili. Ubishi unaozuka kikundini, huyu akisema ilikuwa "alipofika", yule akisema "alipofikia", ndio somo lenyewe. Mwalimu avumilie kelele hiyo.

Je, wajua kwamba mwaka 1996 mtaalamu wa lugha Stephen Krashen alipendekeza watu wajitengenezee rekodi zao za kusikiliza? Mada moja, wasemaji kadhaa, dakika moja au mbili kila mmoja, mwanafunzi anazisikiliza kwa kurudia anavyotaka. Wakati huo ilihitaji kinasa sauti na kaseti. Leo ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kwa Kiswahili nafasi hii ni ya dhahabu. Waombe watu watano wakueleze walivyosherehekea Idi au Krismasi: mmoja wa Mombasa, mmoja wa Unguja, mmoja wa Mwanza, mmoja wa Bukavu, mmoja wa Nairobi. Kwa sababu mada ni moja, maneno yanajirudia. Kwa sababu wasemaji ni mbalimbali, sikio linazoea lahaja na matamshi. Mtoto aliyezaliwa Toronto na wazazi wa Kongo, anayeelewa Kiswahili cha mama yake lakini akisikia taarifa ya habari anapotea, anahitaji hasa daraja la namna hii, na wasemaji watano anao tayari katika kundi la familia.

Je, wajua kwamba watafiti waliolinganisha lugha 17 mwaka 2019 walikuta zote hupitisha habari kwa kiwango kinachokaribiana, biti 39 hivi kwa sekunde? Lugha ya silabi nyepesi husemwa haraka, ya silabi zilizosheheni husemwa taratibu. Katika hizo 17 haikuwamo hata lugha moja ya Kiafrika, na hilo linaniuma. Vyuo vikuu vyetu vina wasemaji, vina maabara za sauti. Kipimo hicho kwa Kiswahili ni kazi ya kufanywa hapa. Kwa sasa mwalimu wa Kiswahili asiazime hesabu za maneno kwa dakika zilizotungwa kwa Kiingereza. "Hatukuwategemea" ni neno moja kwetu, na limebeba sentensi nzima. Ahesabu silabi.

Je, wajua ratiba ya mtaalamu wa lugha Paul Pimsleur ya mwaka 1967 ya kurudia kitu kipya? Sekunde 5, sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, miaka 2. Si lazima uifuate kwa saa ya mkononi. Inatosha kipande kilichosikilizwa Jumatatu kirudi Jumanne kwa dakika moja, kirudi tena wikendi, bila zoezi jipya.

Podikasti za wenyeji, zisizotungwa kwa wanafunzi, nazo zinafikika ukiweka ngazi. Radio Ambulante husimulia habari za kweli za Amerika ya Kilatini kwa Kihispania cha wenyewe, kwa ajili ya wasikilizaji wenyewe. Baadaye hadithi zake zikawekwa katika programu ya simu iliyoitwa wakati huo Lupa, kwa wanaojifunza lugha hiyo: maandishi yapo, kasi hupunguzika, maelezo yapo pembeni. Hadithi haikurahisishwa, kilichoongezwa ni msaada. Podikasti za Kiswahili za mapishi, mpira, dini na biashara zingefaa vilevile, na aliye na simu na maandishi ya kipindi anaweza kuanza bila kusubiri kampuni yoyote.

Je, wajua kwamba hata maandishi mabovu ya kipindi yana kazi? Programu ya Whisper, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022, hubadilisha sauti kuwa maandishi katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, ingawa Kiswahili inakikosea zaidi kuliko Kiingereza. Pitisha dakika moja ya mazungumzo humo, uwachapie wanafunzi kilichotoka kama kilivyo, na uwaambie kuna makosa bila kusema mangapi. Wasikilize wawili wawili, simu moja kati yao, wasimamishe na kurudisha wanavyotaka, wasahihishe kwa kalamu. Hapo hakuna atakayesubiri rekodi iishe ili aulizwe swali. Mistari ambayo darasa zima litashindwa kukubaliana, na kwa kawaida huwa miwili au mitatu, mtumieni aliyerekodiwa kama anafikika, awaambie alisema nini.